Sikumwona Akitoka

Nilifika Nyanda za Juu kwa mlango wa nyuma. Wenzangu wengi wa kazi waliingia kwa barabara kuu, kutoka Morogoro au kutoka Tunduma, lami mwanzo mwisho. Mimi nilitoka Tabora kwa basi lililopita Sikonge na Ipole, likaingia pori la Rungwa, likatokea Makongolosi na Chunya. Wakati huo njia ile ilikuwa vumbi kiangazi na tope masika, na sisi tuliipita masika. Tulishuka kusukuma mara nyingi hadi abiria tukawa tunaitana kwa majina. Kulikuwa na mama aliyebeba asali kwenye madumu, na vijana wawili waliokuwa wanakwenda kutafuta dhahabu Makongolosi, ambao kwa ukarimu walimwahidi kila mtu mgawo. Baada ya Chunya basi lilianza kupanda mlima na kondakta akatuambia tufunge madirisha. Nilidhani ni vumbi. Ilikuwa baridi. Nilivaa shati la mikono mifupi, na yule mama wa asali akanitupia kitenge mabegani bila kuniuliza.

"Jifunike, baba," alisema. "Huku jua ni la kuangalia tu."

Nimeanza na safari hiyo kwa sababu inahusu kazi. Siku ile mtu angebisha hodi nyumbani kwetu Tabora akamuuliza mama yangu niko wapi, angejibiwa kwamba nimekwenda Mbeya kwa basi. Safari moja, chombo kimoja. Mama asingekuwa amesema uongo. Ila kutembea nusu ya asubuhi nyuma ya basi tupu ili lisizame, kudandia trekta kufuata maji, kurudi kwa miguu, hayo yasingeandikwa popote. Kazi niliyoifanya miaka kumi na kitu, na ambayo nimeiacha mwaka huu, ilikuwa kupima tofauti hiyo: kati ya alikopita mtu na anakosemewa kuwa alipita.

Naandika kwa ajili yenu wadadisi mnaoingia sasa na vishikwambi vyenu. Nani alipandishwa cheo na nani alilipwa nini, hayo mtaambiana wenyewe kwenye chai.

Utafiti wa safari za kaya ni rahisi kuueleza. Unakwenda kwenye nyumba zilizochaguliwa, unamuuliza kila mtu wa kaya jana alikwenda wapi, kufanya nini, kwa chombo gani, aliondoka saa ngapi. Majibu yakijumlishwa, wahandisi wanapata kujua pa kuweka kituo, kivuko au njia ya waenda kwa miguu. Ugumu wake ni mmoja: watu unaotaka kujua safari zao, ukifika nyumbani kwao, wako safarini. Unamkuta asiyetoka, naye anamsemea anayetoka. Kanuni inaruhusu. Ukirudi mara ya pili na mtu bado hayupo, mtu mzima mwingine wa kaya anaweza kumjibia, nawe unaweka alama kuonyesha kwamba huyu amesemewa. Alama hiyo nimeiweka mara nyingi sana. Sijawahi kukutana na mtu aliyeiulizia.

Kabla ya kazi hiyo nilikuwa nimebeba mbao Mafinga, nimeuza mitumba Makambako, nimekaa Njombe majira moja ya viazi. Nilikuwa mtu wa kuhamahama na bado ni mtu wa kuhamahama. Niliajiriwa kwa sababu nilikuwa na cheti cha kidato cha nne na mwandiko unaosomeka, na nadhani pia kwa sababu niliulizwa kama naweza kutembea kutwa nzima nikacheka.

Siku yangu ya kwanza ilikuwa Mafinga, kwenye nyumba za mabanzi nyuma ya viwanda vya mbao. Nilipangwa na Mama Veronika, Mhehe wa makamo aliyekuwa ameshafanya sensa na tafiti nyingine ambazo hata majina yake alikuwa ameyasahau. Alivaa makubazi ya matairi na soksi za sufi. Tukafika kwa mke wa mpasua mbao. Mume hakuwepo, na mwenzangu alipopita mara ya kwanza pia hakuwepo, kwa hiyo mke akamsemea: asubuhi amekwenda msituni kwa lori, jioni amerudi kwa lori. Nikaandika vizuri. Mama Veronika akachungulia juu ya bega langu.

"Mashine wanazima saa ngapi huko, mama?" akamuuliza yule mke.

"Saa kumi."

"Na jana baba alifika hapa saa ngapi?"

"Saa mbili hivi."

"Lori lina miguu mibovu."

Yule mke alitazama chini akaanza kucheka. "Kwani na kwenye kilabu cha ulanzi nako kunaandikwa?"

"Kunaandikwa. Ni safari kama safari nyingine."

"Basi andika sehemu mbili. Ya tatu sina ushahidi nayo."

Tuliporudi barabarani Mama Veronika alinifundisha kitu ambacho ndicho hasa ninachotaka kuwaachia. Alisema usimuulize mtu mwenzake alikwenda wapi. Watu hawahifadhi safari za wenzao kichwani, wanahifadhi desturi zao. Ukiuliza "jana", utajibiwa "kila siku". Uliza kuhusu vitu. Chumvi hii imetoka wapi? Huu msalaba wa majivu mtoto kaupata kanisa gani? Nani kaleta kuni zilizolowa? Kila kitu kilichomo ndani kimeingia na mtu, na yule mtu alitoka kwanza. Mimi nilikuwa napenda kazi hiyo ya kufuata chumvi. Ilifanana na maisha yangu.

Ilula nilijifunza upande wake mwingine. Kule watu wanauza nyanya na vitunguu kwa abiria wa mabasi, na mama mmoja alinihakikishia kwamba binti yake mkubwa jana hakutoka kabisa. "Alikuwa hapa hapa," alisema, akionyesha kwa kidevu. Nikatazama kidevu kinakoelekea. Binti alikuwa ng'ambo ya barabara kuu na ndoo kichwani, anakimbiza dirisha la basi. Baada ya muda kidogo alikuwa upande wetu. Kisha ng'ambo tena. Kwa mama, barabara ilikuwa sehemu ya uwanja wa nyumba, na mtu hasafiri uani kwake. Nilikaa kwenye gogo nikasubiri binti apumzike ili nimuulize mwenyewe, nikanunua nyanya nisizozihitaji.

Wala msidhani kusemewa kunapunguza tu. Kunaongeza pia. Iringa mjini baba mmoja aliniambia kijana wake anakwenda chuoni kila asubuhi na kurudi jioni. Nilimkuta kijana kesho yake. Alikuwa hajakanyaga chuoni tangu muhula uliopita. Alikuwa anashinda kwenye karakana ya pikipiki Ipogolo. Nikaandika Ipogolo. Akaniuliza kama nitamwambia baba yake. Nikamwambia mimi naandika watu walipo, kuwarudisha si kazi yangu.

Na kuna wasemaji wazuri, lazima niwe mkweli. Mtaa wa maduka pale Iringa kulikuwa na familia ya Kihindu, biashara ya vitambaa chini, makazi juu. Baba mwenye duka alinisemea familia nzima kwa dakika chache huku anapima kitambaa, na kila mtu kwake alikuwa "dukani". Bibi wa nyumba, ambaye wote walimwita Ba, alikuwa ameketi ngazini karibu na lango la nondo. Alinikonyeza nipande.

"Huyo anajua bei tu," alisema kwa Kiswahili cha Iringa kabisa. "Funguo za lango ninazo mimi. Hakuna mtu anatoka bila kuniomba, hakuna anarudi bila kunisumbua. Andika."

Alinipa siku nzima ya watu saba, mmoja mmoja, pamoja na mkwe wake aliyekwenda hekaluni na kurudi kwa njia ya mbali ili apite kwa dada yake. Nilipowauliza wenyewe baadaye, hapakuwa na cha kusahihisha. Basi kosa haliko katika kusemewa peke yake. Linategemea nani anamsemea nani, na macho yake yameketi wapi.

Hili la macho ndilo lililonipeleka kwenye kesi ngumu kuliko zote, Iyunga.

Nilihamia Mbeya barabara kuu ilipokuwa inapangwa kupanuliwa. Msimamizi wetu alikuwa Lusajo, kijana Mnyakyusa aliyesoma takwimu, mpole, asiyeinua sauti hata kwenye simu mbovu. Kazi yetu ilikuwa kujua watu wanavuka wapi, kwa sababu katikati ya barabara mpya ungejengwa ukuta mfupi wa zege, na ukuta ungeachwa wazi penye vivuko tu. Ukikosea kivuko, watu wanabaki na ukuta. Kwa anayevuka na beseni kichwani na mtoto mgongoni, na malori ya Zambia yanashuka kwa kasi kuelekea Mbalizi, hilo si jambo dogo.

Kulikuwa na mtaa mmoja wenye nyumba zilizopangwa kwa mstari, baraza zote zikitazama barabara. Wenye nyumba walikuwa wazee waliohama pamoja kutoka Rungwe miaka mingi nyuma, wengi wao wastaafu wa reli. Asubuhi kila mzee alikuwa barazani kwake, na kwa sababu wao ndio wakuu wa kaya na wao ndio wanaopatikana hata ukirudi mara ya pili, wao ndio waliojibu.

Nyumba ya kwanza ilikuwa ya Mzee Asajile. Alinipa kiti, akanieleza safari zake mwenyewe bila kukosea hatua. Safari za mkewe pia. Kijana wake alikuwa dereva wa lori, yuko njiani siku nyingi. Tukafika kwa mke wa huyo kijana.

"Huyo wa kijana wangu?" alisema. "Huyo hatoki. Andika yupo."

"Jana hakutoka kabisa, mzee?"

"Sikumwona akitoka."

"Na hukumwona akirudi?"

"Nitamwonaje anarudi kama hakutoka?"

Jirani yake wa baraza ya pili, ambaye alikuwa anasikiliza kwa starehe, akaingilia. "Kijana, wewe ni mtu wa wapi?"

"Tabora, mzee."

"Ndiyo maana. Huyo ni mkwe wake. Hata akitoka mara mia hatamwona. Yule binti mwenyewe atahakikisha."

Wageni wa huku nawaeleza kama nilivyoelezwa. Kwa mila ya Kinyakyusa, baba mkwe na mkamwana hawakutani. Mkamwana hapiti mbele yake, hamtazami usoni, hataji jina lake. Akisikia anakuja anajiweka kando. Ni heshima, na inabeba pande zote mbili, kwa sababu mzee naye anajizuia kwenda mahali anapojua mkamwana yupo. Nyumba nyingi za mjini zimeshaiacha, baba mkwe na mkamwana wanaangalia taarifa ya habari kwenye kochi moja. Mtaa ule walikuwa bado wanaishika, sawa na walivyoshika kupiga chokaa kila mwisho wa mwaka.

Nilitumia dawa ya Mama Veronika. Nikamuuliza Mzee Asajile mjukuu wake anasoma wapi.

"Shule ya awali. Ng'ambo."

"Nani anampeleka?"

"Anakwenda."

"Ana umri gani?"

"Minne."

Nikakiambia kishikwambi kwamba mtoto wa miaka minne amevuka peke yake barabara ya kwenda Zambia, na kishikwambi kikaniwekea alama nyekundu. Ni moja ya mara chache ambazo kilinisaidia. Nikaendelea nyumba hadi nyumba, na jioni nilipopitia kazi yangu, wakamwana wote wa mtaa ule walikuwa hawajatoka nje. Mtaa wa wanawake vijana, na hakuna hata mmoja aliyenyanyua mguu. Watoto walijipeleka shule. Mboga zilijileta.

Kesho yake nilimwomba mke wa Mzee Asajile anipeleke jikoni, nyuma ya nyumba. Mkamwana aliitwa Sekela. Alikuwa anamenya ndizi na hakuacha kumenya. Nilimwambia nimekuja kumuuliza jana yake ilikuwaje, na mama mkwe akaketi kwenye kigoda asikose hata neno.

Alikuwa ametoka alfajiri kupokea majani ya maboga na kabichi kwa akina mama wa Kisafwa wanaoteremka nazo kutoka mlimani. Akarudi, akamvalisha mtoto, akampeleka shule ng'ambo, akauza mboga huko huko sokoni, akarudi kupika, akamfuata mtoto, na jioni akavuka tena kupeleka masalia kwa mwenye mgahawa.

"Unavukia wapi?"

"Kwenye kalavati. Kule chini, kijito kinapopita chini ya barabara."

"Mbona kule ni mbali? Hapo mbele ni karibu zaidi na panaonekana."

"Mbele kuna baba."

"Baba mkwe wako?"

"Yeye na rika lake lote," alisema. "Mstari mzima. Sasa nitapitaje?"

Ndivyo nilivyoiona ile njia. Ilianzia nyuma ya majiko, ikapita kwenye mahindi ya watu, ikafuata kijito, ikatokea barabarani kwenye mteremko, mahali ambapo dereva wa lori haoni kitu hadi amekifikia. Ilikuwa imekanyagwa ikawa ngumu kama sakafu. Wakamwana wote waliitumia. Ile heshima ndiyo iliyoirefusha safari yao, na ile heshima ndiyo iliyoificha kwa watu niliowauliza.

"Hakuna aliyeumia pale?" niliuliza.

Sekela alimtazama mama mkwe. Mama mkwe ndiye aliyejibu.

"Yule anayeitwa Tumpe, mkamwana wa nyumba ya nne. Kirikuu ya mizigo ilimvunja mguu."

"Kwao waliniambia aliteleza mtoni."

"Sasa ulitaka waseme nini, baba? Kwao si hatoki?"

Nilikwenda kwa Lusajo. Alikuwa na ramani ukutani, na alama ya kivuko ilikuwa imeshachorwa mbele ya baraza za wazee, penye safari zote tulizoandika. Kutoka hapo ukuta ulikwenda moja kwa moja hadi chini ya mteremko, ukilipita kalavati bila kukatika. Majedwali yalikuwa yanatakiwa kwa wahandisi mwisho wa wiki.

"Takwimu zinasema kwenye kalavati hapapiti mtu," alisema.

"Zinasema wazee hawakuona mtu."

Aligeukia kompyuta yake. Kisha akafungua kazi ya mtaa ule na kuchuja wale waliosemewa, jambo ambalo sikuwahi kuona mtu akilifanya. Wanawake wakatoweka kwenye skrini wote kwa pamoja. Alipiga simu makao makuu. Nilisikia upande wake tu: ndiyo, najua iko ndani ya kiwango kinachoruhusiwa. Ndiyo, kwa jumla. Lakini mtaa mmoja, na ni upande mmoja wa nyumba. Hapana, si uzembe wa mdadisi. Alipokata simu alisema tumepewa nafasi ya kurudia mtaa ule tu, na kama wazee wakikataa, ramani inabaki ilivyo.

"Watakataa?" nilimuuliza. Yeye alikuwa mtoto wa huko.

"Ukiwaambia walidanganya, watakataa. Na hawakudanganya."

Tulikwenda pamoja, na wadadisi wawili wa kike tuliowaazima kutoka kundi la Tukuyu, ambao walibaki wamesimama pembeni. Wazee walikuwa barazani kwa Mzee Asajile. Lusajo alivua kofia, akasalimia kila mmoja kwa lugha yao, akasubiri hadi akaambiwa aketi.

"Wazee wangu," alisema, "majibu mliyotupa tumeyapokea na hatujaja kuyarudisha. Tunaomba ruhusa, dada zetu hawa wakaongee na wakamwana jikoni."

"Waongee nini?" aliuliza Mzee Asajile.

"Wanakopita."

Yule jirani mcheshi alitaka kusema kitu akaacha. Nilidhani wameudhika. Mzee Asajile alikuwa anatazama malori.

"Nikijua anakopita," alisema mwisho, "na mimi pale sitapita tena. Njia itakuwa imefungwa kwangu. Umeelewa?"

"Nimeelewa, baba."

"Hayo majibu mtakuja kuyasoma hapa?"

"Hapana. Yanakwenda ofisini."

"Basi waulizeni. Msituletee."

Wale wadadisi wa kike walimaliza kazi kwa siku moja, wakapewa ndizi za kuondoka nazo. Safari za mtaa ule ziliongezeka, na karibu zote zilizoongezeka zilikuwa fupi, za miguu, za wanawake, na zilipita kwenye kalavati. Nawashauri mlikumbuke umbo hilo, kwa sababu mtalikuta kila mahali hata pasipo na mila yoyote. Anayesemewa hapotezi safari ya kwenda kazini. Anapoteza zile ndogo: dukani, shuleni, kwa jirani, kisimani. Hizo ndizo zinazovuka barabara.

Lusajo alipeleka majedwali mawili, la kwanza na la pili, na barua fupi inayoeleza kwa nini hayafanani. Sikuiona barua hiyo na sikuwepo lilipoamuliwa lililoamuliwa. Nilikuwa nimeshapelekwa Makambako, kisha Ludewa, kisha nikarudi Mafinga, ambako Mama Veronika alikuwa ameacha kazi na kufuga nguruwe. Alinipa kiti na kuniuliza ulanzi niliokunywa njiani nimeuandika wapi.

Mwaka jana kazi ilibadilika. Sasa kaya nyingi hazitembelewi, zinapigiwa simu. Nilipewa kiti kwenye chumba kimoja katikati ya jiji la Mbeya, na vifaa vya kuvaa masikioni. Sina ugomvi na simu. Ila niliona haraka kwamba namba ya kaya kwa kawaida iko mfukoni mwa baba, na baba yuko kazini, na anawasemea watu ambao hata mlango wao hajauona tangu asubuhi. "Mke wangu? Yupo nyumbani." Nikiuliza chumvi imetoka wapi, wananiuliza kama mimi ni tapeli. Niliwaandikia wakubwa ukurasa mmoja kuhusu jambo hilo, wakanishukuru. Miguu ilikuwa inaniwasha kutembea. Nimestaafu, kama mtu wa mikataba mifupi anaweza kusema amestaafu, nikiwa na miaka arobaini na kitu na magoti ya mtu wa sitini.

Siku ya kuondoka nilichagua kwenda kwa njia nisiyoijua, Tunduma, Sumbawanga, Mpanda, halafu tutaona. Basi lilitoka stendi asubuhi. Sikuwa nimepita Iyunga tangu barabara ifunguliwe, nikahamia kiti cha dirishani. Mbele ya baraza za wazee ukuta wa zege ulikuwa unapita bila kukatika. Kule chini kwenye kalavati ulikuwa umeachwa wazi, na kulikuwa na mistari myeupe, matuta, na lori limesimama mbele yetu.

Wanawake walikuwa wanavuka, na mabeseni. Sekela nilimtambua kwa mwendo. Alikuwa amemshika mkono mtoto mdogo mwingine, ambaye simjui. Upande wetu, ng'ambo ya nyumba zao, ukingoni mwa lami, alisimama Mzee Asajile na fimbo yake. Alikuwa ameipa barabara mgongo. Alikuwa anatazama mahindi.

"Huyu mzee anavuka au havuki?" dereva aliuliza.

"Anavuka," alisema kondakta. "Si kasimama kwenye kivuko?"

"Sasa mbona kageukia shambani? Mzee!" Akapiga honi. Mzee hakujitikisa.

Mama mmoja nyuma yangu, aliyekuwa anakwenda Vwawa na kuku wawili, alisema taratibu, "Mwache, baba. Wakimaliza atageuka."

Wanawake walimaliza, wakaingia kwenye njia ya kijito upande wa pili, mmoja nyuma ya mwingine, hadi mahindi ya huko yakawafunika. Lori la mbele likaondoka, na sisi tukaondoka. Niligeuka kwenye kiti nikatazama kwa kioo cha nyuma. Mzee Asajile alingoja kidogo zaidi, akageuka, akaangalia barabara kulia na kushoto kama mtu ambaye hajaona yeyote akipita, akavuka.